Uso wa Siwatu katika Bonde la Pili

Usingizi wa baada ya chakula cha mchana unamchukua Siwatu akiwa bado ameshika kipanya, na unamchukua katikati ya kinyaa. Mbele yake kompyuta imewashwa, ndani ya kompyuta kuna Bonde la Pili, na Bonde la Pili ndilo linalomtia kichefuchefu tangu asubuhi. Ni modi, yaani nyongeza ambayo mashabiki wameishona wenyewe juu ya gemu ya zamani wanayoipenda, bila ruhusa, bila malipo na, kwa jinsi Siwatu anavyoona, bila haya. Gemu yenyewe ya zamani, ya msafiri anayeutafuta mto uliohama, Siwatu anaipenda kuliko baadhi ya ndugu zake. Na aliyeongoza kazi ya kuishonea kiraka hiki ni mmoja wa ndugu hao, Kitwana, mtoto wa mama yake mdogo, ambaye leo asubuhi ameileta kwenye flashi huku ameinama kama aliyeleta posa. Dada, amesema, watu wakisikia neno lako ndio wanacheza, ukisema ndiyo tunaiachia mtandaoni baada ya magharibi, ukisema hapana tunaifuta papo hapo, isibaki hata nakala, tumeapa wote. Siwatu anasomwa na watu wengi kwa sababu hajawahi kuisifia gemu mbovu hata kama ni ya rafiki, na ana desturi yake asiyoivunja: uzuri kwanza, ubaya baadaye, hukumu mwisho. Kwa hiyo ameahidi kucheza mpaka mwisho kabla ya kufungua mdomo. Sasa amefika kwenye lango la mji na lango halifunguki, maana waliolitengeneza wameweka kitasa upande wa ndani, na yeye anabonyeza, anasonya, anabonyeza, kope zinamwelemea, kichwa kinaanguka mbele, paji linagusa kioo, na kioo hakimzuii.

Yuko barabarani. Barabara ni ya vumbi jekundu, inapanda, inashuka, inapinda kwenye mchungwa, inapanda, inashuka, inapinda kwenye mchungwa, na Siwatu anapoufikia mchungwa tena analitambua tawi lilelile lililovunjika na ndege yuleyule aliyekwama hewani bawa moja juu, ndipo anaelewa kwamba hawa vijana wametengeneza kipande kimoja tu cha barabara, wakakiunganisha mkia na kichwa, wakaomba Mungu asitokee mtu mwenye macho. Uvivu, anasema kwa sauti. Kwenye kioo uvivu ule haukuwa na harufu, lakini huku unayo, ni harufu ya kitambaa cha jikoni kilichosahauliwa kwenye beseni. Machungwa yote mtini ni chungwa moja, lina doa moja jeusi mahali pamoja. Anachuma, anamenya kwa kucha, na ndani hamna nyama wala maji wala mbegu, mna uwazi wa kijivu unaonata vidoleni, kwa sababu aliyelitengeneza alimaliza ganda akaona inatosha. Anajifuta kwenye gauni. Mnato haumtoki. Jua limepachikwa pale lilipopachikwa na halina mpango wa kwenda popote. Halafu mvua inaanza, na Siwatu anasimama kidogo, maana mvua hii ni ya kweli, inakuja kwa mbali juu ya mabati, tone, tone jingine, kisha inashuka yote kwa pamoja na kuzima kila sauti, na nyuma yake kuna mtu anasogeza ndoo chini ya mchirizi na mama anamwita mtoto aingie ndani. Kuna mtu alikaa barazani na simu mkononi, akaisubiri mvua hii, akairekodi kwa mapenzi. Uzuri wa kwanza huo, anakubali, na anakubali kwa shingo upande, maana mvua yenyewe inasikika tu, hailoweshi, vumbi miguuni pake ni kavu kama unga.

Chini ya mchungwa amesimama mwongozaji. Kanzu yake imepigwa pasi vizuri, na juu ya kola, mahali pa uso, pana ngozi laini tupu kama yai lililomenywa. Siwatu haogopi, anaona kinyaa tu, kwa sababu anajua kilichotokea: kila mtu wa Bonde la Pili alitakiwa apewe uso, na vijana wakaishiwa hamu kabla ya kuwamaliza watu. Njia ya mjini ni ipi, anauliza. Kitendawili, anajibu mwongozaji, na sauti inamtoka kifuani. Baba, mimi nina kazi, naomba njia. Kitendawili. Nimekuuliza njia. Kitendawili, anasema tena kwa sauti ileile, bila hasira, na Siwatu anaona kwamba wanaweza kukesha hapa kama jua hili lingejua kuzama. Tega basi. Kitu changu mwenyewe, wewe unakiona, mimi sikioni. Siwatu anakaribia kucheka, maana hiki alikijua tangu darasa la kwanza, kila mtoto anakijua, na anajibu kabla mtu hajamaliza kuvuta pumzi: kisogo. Sicho, anasema mwongozaji. Ni kisogo, mzee, kimekuwa kisogo tangu enzi za babu. Sicho, nipe mji. Na hapo hana la kufanya, maana ndivyo mchezo ulivyo, aliyeshindwa kutegua hutoa mji, na aliyetega huuendea mji huo kwa maneno, akala, akanywa, akasifiwa, kisha akarudi na jibu. Watoto hutoa miji mikubwa ya mbali ambayo hawana uchungu nayo. Siwatu, kwa haraka yake, anatoa wa kwanza uliomjia mdomoni, mji aliozaliwa yeye na akazaliwa Kitwana. Chukua Muheza, anasema, uniache. Nimeichukua, anajibu mwongozaji, na badala ya kwenda kwa maneno anageuka na kwenda kwa miguu, na barabara iliyokuwa ikizunguka inanyooka mbele yake, na Siwatu anamfuata huku akijiuliza ni kwa nini hakusema London.

Wanafika mtoni. Mto ni milango, milango iliyolazwa chali mmoja baada ya mwingine na kupakwa buluu, inafunguka kidogo na kujifunga, inafunguka na kujifunga, na kwa mbali mtu angeapa ni maji yanapiga mawimbi. Gemu ya zamani haikuwa na maji, mto wake ulihama, ndiyo hadithi yake nzima, kwa hiyo vijana hawakuwa na maji ya kuazima, walikuwa na milango, wakatumia milango. Hapa kuna akili, anasema Siwatu, na kwa mara ya pili analazimika kuandika uzuri kichwani. Mwongozaji anagonga mlango wa kwanza kwa kidole cha mguu. Hodi, anasema, na mlango unatulia, wanaukanyaga. Hodi, na wa pili. Lakini wa tatu unafunguka mbele ya Siwatu, naye anachungulia chini. Kila kitu walichokikataa hawakukifuta, wamekitupa chini ya mto. Kuna farasi nusu mwenye miguu mitatu, anatikisa mkia. Kuna mikono mitupu inayofumba na kufumbua. Kuna rundo la vichwa vya watoto wachanga wenye meno ya watu wazima, na vyote vinamtazama kwa upole, na joto linalopanda kutoka huko ni joto la jaa. Mbona hamuwafuti, anauliza akiwa ameziba pua. Aliyefutwa hana pa kukaa, anasema mwongozaji, aliyetupwa anapo. Hiyo si hoja, huo ni uchafu tu unaosemwa kwa mafumbo. Mwongozaji anapiga hodi kwenye mlango wa mwisho, na wanavuka.

Ng'ambo ni Muheza, na siyo. Soko liko upande wa kushoto badala ya kulia, reli imehamia upande wa pili wa mji, maandishi ya madukani yanasomeka kinyumenyume kama yanavyosomeka kwenye kioo cha kinyozi, na hata nyumba ya mama mdogo, ambayo Siwatu angeipata akiwa amefumba macho, ina mlango upande wa choo. Waliutengeneza mji mara moja wakaugeuza ili wapate miwili, na huu ndio ule wa kugeuzwa. Buchani nyama imening'inia na haina rangi ya nyama, ina vibao vya zambarau na vyeusi kama drafti, maana aliyetakiwa kuipaka rangi hakurudi, na nzi juu yake wamepakwa vizuri sana. Watu wanapita. Muuza karanga ana uso wa Kitwana. Polisi ana uso wa Kitwana. Bibi harusi ana uso wa Kitwana na ndevu zake changa chini ya poda, na mchungaji wa mbuzi, na mgonjwa anayesukumwa kwenye baiskeli, wote wanatabasamu lile tabasamu alilolivaa asubuhi akileta flashi. Siwatu anatema mate chini, mate yanaganda hewani, hayafiki. Hakuna mwanamke hata mmoja katika mji huu mwenye uso wa mwanamke, anasema. Yupo mmoja, anajibu mwongozaji, na anamwonyesha baa.

Mwanamke amesimama mlangoni pa baa na khanga moja imefungwa chini kidogo ya pale inapofungwa, na khanga imelowa. Mvua ambayo haimloweshi mtu wala mbuzi wala vumbi, yeye tu ndiye inayemlowesha, imepangwa hivyo. Kila msafiri anayetaka kupita lazima amguse bega, na kila akiguswa anageuka taratibu na kusema, karibu mgeni, nikufanyie nini. Uso wake ni wa Siwatu. Siyo unaofanana. Ni wake, pamoja na kovu dogo juu ya nyusi, pamoja na jicho la kulia linalochelewa kidogo kufumba. Na sauti ni yake pia, maneno yamekatwa kutoka kwenye vipindi vyake anavyovirekodi kuhusu gemu, karibu limetoka huku, mgeni limetoka kule, nikufanyie nini limeungwa vipande vipande, na maungio yanasikika kama mfupa uliopona vibaya. Baada ya magharibi dunia nzima itamgusa bega.

Kitwana mwenyewe, si uso wake tu, ameketi kwenye benchi nje ya baa anakunywa kahawa. Shikamoo dada, anasema, umefika mbali. Marahaba, hii sura umeitoa wapi. Kwenye picha ya harusi ya ndugu yetu Mwanamkuu, dada, ile umekaa na sahani ya pilau, umetoka vizuri mno. Nakuuliza ruhusa, sikuulizi pilau. Kitwana anashangaa kwa dhati, na kushangaa huko kunamkera Siwatu kuliko jambo lenyewe. Dada, hiyo ni heshima, wengine wote tumewapa sura yangu, wewe peke yako ndiye tuliyekufanyia kazi, miezi na miezi, wenzangu walitaka kunipiga, hebu mwangalie kwanza anavyotembea. Siwatu hataki kuangalia, na anaangalia. Mwanamke anatoka mlangoni kwenda kwenye nguzo na kurudi, na mguu wa kushoto unagusa chini kwa wepesi kidogo kuliko wa kulia, kama unavyofanya mguu wa mtu aliyeanguka kutoka juu ya mchungwa utotoni na hakumwambia mama. Kabla ya kusema anarusha pindo la khanga begani kwa vidole viwili. Hakuna aliyewahi kumwambia Siwatu kwamba anatembea hivyo, wala kwamba kuna mtu ameona. Ni kazi bora kuliko zote katika modi nzima, bora kuliko mvua, bora kuliko mto, imefanywa na mtu aliyemtazama miaka na miaka bila kuchoka, na kwa kitambo kidogo Siwatu anajisikia fahari inampanda kifuani. Anaichukia fahari hiyo kuliko vichwa vya watoto chini ya mto. Wamemjua kiasi hiki, halafu wakamsimamisha mlangoni pa baa. Hukumu imeshapatikana, anasema, ni hapana, nikiamka tu utaisikia. Ukiamka, anasema Kitwana, na anapuliza kahawa.

Anamwendea mwanamke. Hamgusi bega. Anaingiza ukucha chini ya kidevu, pale ganda la chungwa linapoanzia, na kumenya, na uso unabanduka wote kwa kipande kimoja, mwepesi, wa baridi, na nyuma yake pana yai. Mwanamke anasimama na mikono imemlegea. Sasa watanijuaje, anauliza, na hilo ni neno jipya, halijakatwa kokote. Siwatu anapata huruma na anaimeza haraka, anakimbia kuelekea langoni, uso umo kiganjani, watu wote wenye tabasamu la Kitwana wanampisha. Langoni anamkuta mwongozaji ameshafika. Nilikwenda Muheza, anasema mwongozaji kwa utulivu wote wa mchezo, nikala wali, nikanywa madafu, wakanisifu kanzu yangu, na jibu ni uso, wangu wewe unauona, mimi sikupata kuuona. Umenisikia lakini. Nimekusikia, anasema Siwatu, fungua. Lango linapitisha mtu mwenye uso mmoja, anajibu mwongozaji, wa pili unabaki na mji, na mji wewe mwenyewe ulinipa. Siwatu anahema, jasho linamwingia machoni, na kwa haraka ileile iliyompa mtu Muheza anajifuta uso kwa kiganja, kiganja kilekile cha chungwa, chenye mnato usiotoka. Anasikia kitu kinabanduka. Sasa ana nyuso mbili mikononi, na bila macho anaziona, maana ndoto haina adabu, zote zina kovu, zote zinanata, zote ni za baridi. Anazipima. Anazigeuza. Nyuma yake anasikia hatua za mwanamke zinakuja, mguu wa kushoto mwepesi, na mkono umenyooshwa kuomba, na mwongozaji anasema chagua. Siwatu anavaa mmoja na kumsukumia mwenzake mwingine bila kutazama, anashika kitasa, ambacho kweli kiko upande wa ndani, na anapita.

Paji lake liko juu ya vibonyezo. Feni inazunguka. Paji limepata alama za herufi na mate yamekauka pembeni ya mdomo, na Siwatu anakaa wima, anashukuru Mungu, anasikia mvua juu ya mabati. Anachungulia dirishani. Uwanja ni mkavu, nguo zimeanikwa, kuku wanachimba vumbi. Mvua ni ya kompyuta, anajiambia, bila shaka ni ya kompyuta, na hageuki kuhakikisha. Anachukua simu ampigie Kitwana, anaiinua usoni ifunguke kama inavyofunguka kila siku, na simu inaandika kwamba uso haujatambuliwa. Anafuta kioo cha simu. Haujatambuliwa. Anaupangusa uso wake kwa pindo la gauni, anasogea kwenye mwanga, anatabasamu kwa woga. Haujatambuliwa, jaribu tena.

Hodi dada, anasema mtu mlangoni, ni Kitwana na chupa mbili za soda zinazotoka jasho. Siwatu anageuka ameshakunja ndita, amelipanga neno, uzuri kwanza, ubaya baadaye, hukumu mwisho, anafungua mdomo. Karibu, mgeni, anasema. Kitwana anacheka, leo nimekuwa mgeni tena, anakaa, anafungua soda kwa meno. Vipi dada, wenzangu wananisubiri huko, ndiyo au hapana. Siwatu anakusanya kinyaa chote, chungwa la kijivu, bucha, khanga iliyolowa, anakisukuma kiwe neno moja fupi ambalo amelisema maisha yake yote bila shida, na kinachotoka ni kitu laini, kitamu, chenye maungio. Nikufanyie nini, anasema. Kicheko cha Kitwana kinapungua. Na hapo hatua zinasikika kutoka kwenye kompyuta, mguu wa kushoto mwepesi kuliko wa kulia, na mwanamke anatoka langoni anasogea mpaka uso unajaa kioo, anarusha pindo la khanga begani kwa vidole viwili. Kitwana, anasema, mvua ni nzuri, mto una akili, mwendo wangu mmeujua. Vingine vyote ni uchafu, na uso huu ni wangu, hamkuniomba. Jibu ni hapana. Futa.

Kitwana anaweka chupa chini. Dada, anasema bila kumtazama aliyeketi naye, macho kwenye kioo tu, maneno hayo hatukuyaandika sisi. Siwatu anajigusa kidevu kwa kidole, pale ganda linapoanzia, na hajui, kweli hajui, kama yeye ndiye huyu aliyeketi kwenye kiti au ndiye yule anayesubiri nyuma ya kioo. Sawa, anasema Kitwana kwa sauti ndogo, tuliapa, na anavuta kipanya kwake. Subiri, Siwatu anataka kusema, usifute kwanza, na anatafuta neno hilo mdomoni kote, na mdomoni mna maneno ya kukaribisha tu.